Joto ni Dawa, Lakini Si la Kuvumilia

Ndugu mfanyakazi, mtu akiugua hapa kwetu Kigali, neno la kwanza analoambiwa na jirani zake kwa Kinyarwanda ni "komera", na la pili ni "ihangane". Uwe na nguvu, na uvumilie. Ni maneno mema, nayo yametuvusha katika taabu nyingi. Lakini kuna mahali pamoja hospitalini ambapo maneno hayo yaweza kumuunguza mtu. Mahali penyewe ni kitanda cha chumba cha tiba ya viungo, wakati mgonjwa amewekewa joto mgongoni naye amejilazimisha kunyamaza. Mwandishi wa makala hii anayajua hayo kwa ngozi yake mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mtunza boila katika kiwanda. Nilishikwa na mgongo baada ya siku tatu za kubeba kuni za boila peke yangu, kwa kuwa mwenzangu wa zamu alikuwa mgonjwa. Nikapelekwa kwenye kituo kimoja cha matibabu. Kijana aliyekuwapo alitoa mfuko mzito katika tangi la maji moto, akauzungushia taulo moja, akaniambia nilale chali juu yake, kisha akatoka kwenda kuwaita wengine. Dakika ya tatu niliona raha. Dakika ya saba niliona moto. Nikajiambia: mimi ni mtu wa boila, nimezoea joto, nitaonekanaje nikimwita mtoto huyu kwa ajili ya mfuko? Nikakaza meno hadi dakika ya ishirini. Nilipoinuka nilidhani ule uchungu ndio dawa inayofanya kazi. Usiku mke wangu ndiye aliyeniambia kuwa nina malengelenge mawili mgongoni. Kidonda chake kilinisumbua wiki tatu, na ule mgongo ulionipeleka huko ulikuwa pale pale.

Kijana yule alikosea mambo matatu kwa mara moja, nami nilikosea moja. Makosa yake nitayaeleza mbele kidogo. Langu lilikuwa kunyamaza.

JOTO LAFANYA NINI

Tuanze na jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Joto likiwekwa juu ya ngozi hupanua mishipa midogo ya damu, damu ikapita kwa wingi mahali pale, misuli iliyokakamaa ikalegea, na mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu ikatulia kwa muda. Kadhalika kano na ngozi ngumu inayozunguka kiungo hukubali kuvutika kuliko zikiwa baridi. Kila aliyefanya kazi na mpira au ngozi kiwandani anaelewa habari hii bila kufundishwa.

Lakini joto la mfuko, la taulo au la taa haliingii mbali. Hufika sentimeta moja, labda mbili, basi. Halifiki ndani ya nyonga, wala halirudishi pingili ya mgongo iliyotoka mahali pake. Mwaka 2006 watafiti waliokusanya majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali juu ya joto na maumivu ya kiuno walitoa taarifa yao. Waliona kuwa joto hupunguza maumivu ya mgongo ambayo hayajadumu sana, kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, na kwamba mgonjwa akiongezewa mazoezi hali yake huwa nzuri zaidi. Kwa maoni yangu taarifa hiyo yafaa ibandikwe ukutani katika kila chumba cha tiba. Joto hulegeza mwili ili mazoezi yaweze kufanyika. Mkata miwa wa Kabuye anayepewa joto dakika ishirini kisha akaambiwa aende nyumbani, bila kuinamishwa, kunyooshwa wala kuonyeshwa jinsi ya kuinua mzigo, amepewa nusu ya matibabu. Ana haki ya kuuliza nusu ya pili iko wapi.

Tena joto halifai kwa jeraha jipya. Mchuma chai aliyeteleza asubuhi mlimani na kuvimba kifundo cha mguu asikimbilie maji moto jioni. Siku mbili tatu za mwanzo uvimbe hutaka baridi na kuinuliwa. Joto litaongeza damu na uvimbe. Halifai vilevile penye usaha, penye kutoka damu, penye saratani, wala kwenye mguu uliovimba kwa damu iliyoganda mshipani.

KINE NA CHUMBA CHAKE

Mtaalamu wa kazi hii kwa Kiswahili ni mganga wa viungo. Hapa Kigali wengi humwita kine, kwa kufuata Kifaransa. Kazi hii si ngeni Rwanda. Mwaka 1960 Padri Joseph Fraipont Ndagijimana, mtu wa asili ya Ubelgiji, alianzisha kituo cha Gatagara, upande wa Nyanza, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Mwaka 1994 hospitali ziliporwa, na wauguzi na waganga wengi waliuawa au walikimbia nchi, hata ikabidi kuanza upya. Taasisi ya Afya ya Kigali, ile KHI, ilifunguliwa mwaka 1996 ikawa inawafundisha waganga wa viungo, na tangu mwaka 2013 mafunzo hayo yamo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Kwa hiyo watu wenye ujuzi wapo. Tatizo la joto aghalabu hutokea pale ambapo mashine inaachiwa mtu asiyefundishwa, kwa kuwa kwa macho ya haraka kazi yenyewe yaonekana rahisi: kuwasha, kuweka, kungoja.

Kabla ya kuwasha chochote, kine anayejua kazi yake hufanya jaribio dogo. Huchukua vichupa viwili, kimoja cha maji ya moto na kingine cha maji baridi, akamwambia mgonjwa afumbe macho, akagusa ngozi kwa kimoja kisha kwa kingine bila utaratibu, akauliza: hiki ni moto au baridi? Mgonjwa akikosea, joto haliwekwi mahali hapo. Jaribio halizidi dakika mbili. Wenye kisukari cha miaka mingi, waliougua ukoma, waliopooza upande mmoja, na wenye kovu kubwa la panga au la moto, mara nyingi hawasikii joto sawasawa. Mtu asiyesikia joto hawezi kusema "limezidi", na bila neno hilo hakuna kinga.

Vitu vinne ndivyo utakavyovikuta zaidi.

Cha kwanza ni ule mfuko ulionichoma mimi. Ndani yake mna udongo wa aina ya bentonaiti, unaokunywa maji na kushika joto muda mrefu. Mifuko hukaa katika tangi la chuma la umeme, kwenye maji ya nyuzi 70 hadi 75 za sentigredi. Fikiri, ndugu, ngozi ya binadamu huanza kuona maumivu karibu na nyuzi 43 hadi 45, na ikikaa katika joto la kuzidi hapo huungua. Kati ya mfuko na ngozi hapana budi kuwe na tabaka sita hadi nane za taulo kavu. Kijana wangu aliweka mbili. Hilo ni kosa la kwanza. La pili, mgonjwa hawekwi juu ya mfuko. Mfuko ndio huwekwa juu ya mgonjwa. Ukiulalia, uzito wako unakandamiza taulo, unakamua maji ya moto, na hakuna awezaye kuiona ngozi yako. La tatu, baada ya dakika tano hivi mfuko hufunuliwa na ngozi hutazamwa. Wekundu wa waridi ulioenea sawa ni dalili njema. Mabaka mekundu na meupe kama marumaru ni dalili ya kuondoa mfuko mara moja.

Cha pili ni tangi la nta, ambalo ni rafiki wa mikono. Mshonaji aliyeumia vidole kwa cherehani, na mama aliyechuma chai miaka ishirini hata vidole vikakataa kunyooka asubuhi, hawa hufaidika nalo. Nta huchanganywa na mafuta maalumu ili iyeyuke bila kuwa moto mno, ikashikwa kwenye nyuzi 52 hadi 54. Mkono huoshwa kwa sabuni, hukaushwa kabisa, pete huvuliwa, kisha huchovywa na kutolewa mara sita hadi kumi mpaka nta ifanye glovu nene. Halafu hufungwa kwa plastiki na taulo kwa robo saa au zaidi kidogo. Vidole visichezeshwe wakati wa kuchovya. Glovu ikipasuka, nta mpya ya moto huingia kwenye ufa na kuchoma. Tone moja la maji lililobaki kwenye ngozi nalo huchoma.

Cha tatu ni taa ya joto, ile nyekundu. Taa huwekwa kiasi cha sentimeta 50 hadi 75 kutoka kwenye ngozi, kwa ubavu na si juu kabisa ya mgonjwa, kwa kuwa balbu ikipasuka au shingo ya taa ikilegea vitaanguka juu yake. Macho hufunikwa. Jambo ambalo watu hulikosea hapa ni hesabu ya umbali: ukiisogeza taa nusu ya umbali, joto haliongezeki mara mbili, bali karibu mara nne. Ndiyo maana mgonjwa anayejisogeza mwenyewe "ipate kuingia vizuri" anajitafutia malengelenge.

CHUMA MWILINI

Cha nne ni mashine ya masafa mafupi, nayo nitaisimulia kwa kirefu zaidi. Hii haina moto wa kuonekana. Hutoa mawimbi ya umeme ya aina moja na yale ya redio, yanayotikisika mara milioni 27 na zaidi kwa kila sekunde, na mawimbi hayo huamsha joto ndani kabisa ya nyama, mahali ambapo mfuko na taa havifiki. Katika nchi nyingi haitumiki sana kama zamani, lakini bado ipo katika vyumba vya tiba. Mgonjwa hukaa kwenye kiti cha mbao au kitanda kisicho cha chuma. Nguo zenye unyevu huvuliwa, jasho hufutwa, saa na mkufu huwekwa mbali, na waya zake mbili haziguswi na mwili wala hazipitani.

Chuma hukusanya mawimbi hayo, kikapata moto kuliko nyama inayokizunguka. Chuma kilicho ndani ya mwili kinaweza kuunguza kutoka ndani, mgonjwa akachelewa kugundua. Kwa hiyo kila mtu anayewekwa kwenye mashine hii lazima aulizwe: una chuma mwilini?

Katika nchi nyingine swali hili huulizwa harakaharaka, na jibu huwa ni bamba na skrubu alizotiwa mtu alipovunjika mguu. Hapa nasi tunao hao, hasa walioanguka kwenye pikipiki. Lakini Rwanda swali hili lina uzito mwingine. Wapo wenzetu wanaotembea na vipande vya risasi na vya guruneti tangu mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wengine hawajawahi kupigwa picha ya kuonyesha vilipo. Wengine wanajua vizuri vilipo, ila hawataki kusimulia mbele ya foleni ya watu kumi, na hakuna mwenye haki ya kuwalazimisha. Swali likiulizwa kwa sauti mlangoni, mtu atajibu "hapana" ili lipite.

Kwa sababu hiyo ninawaomba waganga wa viungo waulize faraghani, pazia likiwa limefungwa. Na wewe mfanyakazi ujue kwamba neno moja latosha: "Nina chuma." Huna deni la kueleza kilivyoingia. Kine ataweka mashine ile kando na kutumia mfuko wa joto, ambao kwa kawaida hauna hatari hiyo, au ataomba picha kwanza. Mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo na mama mjamzito wasiikaribie mashine hii kabisa. Hata kine mwenyewe yampasa akae umbali wa mita moja au zaidi ikiwa inafanya kazi, na kama ni mjamzito amwachie mwenzake. Yeye naye ni mfanyakazi, na afya yake ni habari ya chama kama afya yako.

MASHINE HUFA KWA KUPUUZWA

Sasa nakuja kwenye mambo ambayo sisi watu wa viwandani tunayaelewa kuliko madaktari. Mashine yoyote ina mlo wake na usafi wake, nayo ikikosa hulipiza.

Tangi la mifuko hudai maji kila siku. Maji hupungua kwa mvuke. Yakishuka chini ya mifuko, udongo hukauka na kupasuka, na yakishuka chini ya koili, koili huungua. Kuna vyumba ambavyo tangi limekufa kwa kukosa ndoo moja ya maji siku ya Jumapili. Kila wiki mbili au kila mwezi, kwa kadiri ya kazi yake, umeme huzimwa, plagi huchomolewa, maji hupoa, tangi humwagwa na kusuguliwa taratibu bila kukwaruza, mashapo huondolewa, maji safi hutiwa. Mfuko unaovujisha udongo hutupwa. Ukishonwa utavuja tena, na udongo utakaa juu ya koili. Taulo hufuliwa na kuanikwa juani, kwani taulo yenye unyevu hupitisha joto upesi, hata tabaka nane zikawa kama tatu.

Nta huchujwa ikichafuka na kubadilishwa. Haiyeyushwi kamwe juu ya mkaa au jiko la gesi, maana inashika moto kama petroli ya polepole. Ikiwaka, funika kwa kifuniko au blanketi la moto, wala usimwagie maji, kwani maji yataitawanya ikiwaka. Taa hufutwa vumbi ikiwa baridi, kwa kitambaa kikavu. Kioo chake cha nyuma kikibonyea hukusanya joto mahali pamoja kama lenzi, na skrubu ya shingo yake hukazwa kila wiki. Waya za mashine ya masafa mafupi hukaguliwa kama zimepasuka, na zipo taa ndogo za neoni za kujaribia: ukiisogeza karibu na mashine inayofanya kazi, huwaka yenyewe bila waya. Isipowaka, mgonjwa alikuwa anapashwa joto na matumaini tu.

Umeme nao una mambo yake. Vyombo vingine huja kama msaada kutoka nchi zenye umeme wa volti 110, na hapa kwetu ni 230. Chombo kama hicho kikichomekwa ukutani bila transfoma, maisha yake ni sekunde chache. Waya wa ardhi usikatwe kwa ajili ya kulazimisha plagi iingie, hasa katika chumba chenye matangi ya maji na sakafu yenye majimaji.

Na hapa niseme jambo dogo la Kigali. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka karibu na nyuzi 95 wala si 100. Fundi anayetaka kujua kama kipimajoto cha tangi ni kizima hukitia katika maji yanayochemka. Asipojua habari hii, akaona 95, atakitupa kipimajoto kizima, au vibaya zaidi, atakigeuza kisome 100, na tangu siku hiyo tangi litamdanganya kila mtu. Nimewahi kuona mabishano ya namna hiyo kiwandani yakichukua asubuhi nzima.

Tatizo la vyombo vilivyosimama si la Rwanda peke yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vyombo vya hospitali 112,040 katika nchi maskini, uliona kuwa karibu 38 kati ya kila 100 havikuwa vikifanya kazi. Sababu kubwa zilikuwa ukosefu wa mafunzo, usimamizi mbaya, na mambo kama umeme na maji. Lakini uchunguzi mwingine wa mwaka mmoja kabla yake ndio ulionifurahisha zaidi. Katika hospitali 60 za nchi 11, kati ya vyombo 2,529 vilivyokuwa vimesimama, mafundi walivirudisha kazini 1,821 bila kuagiza kipuri hata kimoja kutoka ng'ambo. Yaani 72 katika kila 100. Fyuzi, plagi, swichi, uchafu, waya uliochomoka, mtu asiyejua kitufe cha kubonyeza. Kila fundi wa zamu katika kiwanda cha chai anaijua orodha hiyo. Chuo cha IPRC Kigali, kule Kicukiro, kimefundisha mafundi wa vyombo vya hospitali kwa kazi hii hasa. Tatizo ni kwamba fundi haitwi. Mashine ikikataa mara moja hufunikwa kitambaa cheupe, ikasukumwa pembeni, ikawa meza ya kuwekea mafaili.

KWA WALIO KAZINI NA NYUMBANI

Mwajiri hulipa asilimia mbili ya mshahara kwa RSSB kwa ajili ya hatari za kazini, na hakati kitu katika mfuko wako kwa fungu hilo. Kwa hiyo mgongo ulioumia kazini uandikishwe kuwa umeumia kazini siku ile ile, kwa mashahidi, kabla hujakwenda kuupasha joto. Mtu akinyamaza wiki mbili, kisha akaenda na kadi yake ya mutuelle kama vile aliumia nyumbani, atapata taabu kuthibitisha baadaye. Kama unatumia mutuelle, njia ni kituo cha afya kwanza, halafu hospitali ya wilaya kwa barua ya rufaa. Waulize waziwazi kama hospitali hiyo ina kine.

Zipo pia zahanati za viwandani zenye taa ya joto kabatini. Kamati ya afya na usalama ya mahali pa kazi, inayotajwa na Sheria ya Kazi Namba 66 ya mwaka 2018, iulize maswali ya kawaida tu. Nani amefundishwa kuitumia? Kitabu cha matengenezo kiko wapi? Mara ya mwisho waya ulikaguliwa lini? Ikiwa jibu ni kwamba ufunguo wa kabati unakaa kwa mlinzi, ifungwe mpaka mtu apatikane.

Nyumbani, taulo iliyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa vizuri yatosha kwa shingo au mabega yaliyochoka, dakika kumi na tano hadi ishirini. Ijaribu kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Chupa ya mpira ya maji moto izungushiwe kitambaa, wala usilale usingizi nayo. Usipake dawa ya kuchua yenye mentholi au pilipili halafu ukaweka joto juu yake; nimeona ngozi ya mtu ikibambuka kwa sababu hiyo. Na mama anayekaa karibu na jiko kila siku akiona miguuni pake michoro ya kahawia kama wavu, ajue kuwa huo ni moto mdogo wa muda mrefu ulioandika juu ya ngozi. Asogeze kigoda.

Mwaka jana nilirudi kwenye tiba ya viungo, safari hii kwa ajili ya goti, katika hospitali nyingine hapa mjini. Kine alikuwa dada wa umri wa binti yangu wa pili. Alinifumbisha macho na vichupa vyake, akahesabu tabaka za taulo kwa sauti, akaweka kengele ndogo ya baiskeli mkononi mwangu.

"Mzee," akasema, "ukiona raha, nyamaza. Ukiona moto, piga."

"Na nikivumilia kidogo?"

"Ukivumilia, mzee, nitakuandika kwenye kitabu kwamba umenidanganya."

Nilicheka, lakini dakika ya sita nilipiga. Alikuja mbio, akafunua, akatazama, akaongeza taulo mbili. Kisha akaenda kwenye tangi, akakaa akilitazama. Nikamwuliza kipimo kinasoma ngapi. Akasema kidhibiti kimewekwa 74, ila kipimajoto chasoma 81. Nikamwambia, dada, mimi nilikuwa mtu wa boila. Kidhibiti kikisema hivi na kipimajoto kikasema vile, amini kipimajoto mpaka fundi aje, na mifuko hiyo usimwekee mtu mwingine leo. Alichomoa plagi, akaandika saa na nyuzi kwenye kitabu, akabandika karatasi juu ya kifuniko. Mimi nilipewa mazoezi ya goti kwenye ngazi ya mbao, mara kumi na tano kupanda na kushuka, nikatoka nikitokwa jasho.

Fundi alikuja siku ya tatu. Kidhibiti kilikuwa kizima. Skrubu iliyokishika ilikuwa imelegea, na kichwa cha kusikilizia joto kilikuwa kimepanda juu ya maji.